Mtoto Anachemka: Utazame Nini?



Kila nyumba yenye mtoto mdogo ina kipimajoto chake, nacho ni kiganja cha mkono. Mama hukiweka kwenye paji la uso, akakihamishia shingoni, akamalizia tumboni, kisha akatoa hukumu: "Mtoto anachemka." Hapo nyumba nzima inaamka. Kiganja kikikuta mwili umepoa, hukumu inageuka: "Afadhali, homa imeshuka," na watu wanarudi kulala.

Jioni ya leo nina ugomvi na kiganja hicho. Sisemi kinakosea joto. Mama wengi hulijua joto la watoto wao barabara. Ugomvi wangu ni kwamba tumekipa kazi isiyo yake. Tumekifanya hakimu wa kuamua mtoto yupi anaumwa sana na yupi anaumwa kidogo, na jambo hilo joto halina uwezo wa kulisema. Homa ni hodi mlangoni: inakujulisha kuna mtu nje, haikwambii ni nani wala amekuja na nini mkononi.

Mwaka 2008 watafiti waliwachunguza kwa kina watoto 1,005 waliopelekwa kliniki kwa sababu ya homa, wengine Dar es Salaam, wengine Ifakara. Ungewauliza majirani, wangekujibu kabla hujamaliza swali: hiyo malaria. Vipimo vilipokamilika, malaria ilikutwa kwa mtoto mmoja hivi katika kila kumi. Zaidi ya nusu walikuwa na maradhi ya njia ya hewa, na wengi walikuwa na virusi, ambavyo havisikii dawa mseto ya malaria wala antibayotiki. Sasa fikiria ni chupa ngapi na pakiti ngapi hununuliwa dukani kwa kauli moja tu, "ana homa", bila tone la damu kuchukuliwa kidoleni, wakati kipimo cha haraka cha malaria kinatoa majibu kabla chai haijapoa.

Upande wa pili wa kiganja ni wa hatari zaidi. Mtoto mchanga, yule ambaye hajatimiza miezi miwili, anaweza kushikwa na maambukizi mazito ya damu badala ya kuchemka akapoa. Mwili unakuwa baridi, mtoto ametulia, hasumbui, hanyonyi. Bibi anasema, "Leo kalala vizuri." Hajalala vizuri, anazidiwa. Mtoto mwenye utapiamlo mkali naye hivyo hivyo, mwili wake unaweza kukosa hata nguvu ya kupandisha homa. Kwa hao wawili ubaridi ni wa kutisha sawasawa na moto.

Kisha kuna dawa ya kushusha homa. Siikatazi. Parasetamoli humpunguzia mtoto maumivu, na mtoto asiye na maumivu hunywa na kunyonya vizuri zaidi. Ipimwe kwa uzito wake, si kwa kukadiria kijiko, ipite angalau saa sita kabla ya kurudia, isizidi mara nne kwa siku. Na aspirini mtoto asipewe. Lakini ielewe kazi yake. Inashusha joto, haiui vimelea vya malaria wala haigusi nimonia. Saa moja baada ya kumpa, homa ikiwa imepungua, mtazame upya. Akiomba maji, akikufuata kwa macho, akigombania kijiko na dadake, moyo wako una haki ya kutulia kidogo wakati unajiandaa kumpeleka apimwe. Akiwa amepoa na bado amelegea kama alivyokuwa, usisubiri asubuhi.

Basi kama si joto, tutazame nini?

Swali hili lilifanyiwa kazi Kilifi, pwani ya Kenya. Mtafiti Kevin Marsh na wenzake walifuatilia watoto 1,844 waliolazwa hospitalini hapo kwa malaria, wakachapisha waliyoyaona mwaka 1995. Watoto 64 walifariki. Katika hao 64, watoto 54 walikuwa wameingia wodini na moja kati ya mambo mawili, au yote mawili pamoja: fahamu zimepungua, au wanapumua kwa shida. Mambo mawili tu, na yote mawili yanaonekana kwa macho bila mashine. Na zaidi ya wanane katika kila kumi waliofariki, walifariki ndani ya saa 24 tangu kulazwa. Namba hiyo ya pili ndiyo inayoniuma mimi. Maana yake kwa wengi ugonjwa ulikuwa umekwisha kufika mbali kabla hawajafika kwa daktari, na saa zilizopotea zilipotea nyumbani, njiani, au kwenye benchi la duka la dawa.

Wahudumu wa zahanati wanafundishwa dalili nne za hatari kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano, na sioni sababu ya kuziacha zibaki zahanati. Hawezi kunywa wala kunyonya. Anatapika kila anachopewa. Amepata degedege. Amelegea sana, au haamki ukimwamsha. Dalili moja ikionekana, inatosha, safari ianze. Hazingojani mpaka zitimie nne.

Nikae kidogo kwenye degedege, kwa sababu hakuna linaloitikisa nyumba kama hilo. Macho yamegeuka juu, meno yameumana, mikono na miguu inakakamaa na kurukaruka, povu mdomoni. Mama aliyeona mara moja hasahau maisha yake yote. Si ajabu basi kwamba wazee wetu walitafuta adui wa kumpachika. Katika sehemu nyingi za pwani walisema ni shetani ajaye kwa umbo la ndege, anayempitia mtoto usiku. Watafiti waliozungumza na wazazi wa Bagamoyo miaka ya 1990 waliambiwa dawa zake: mtoto kufukizwa kwa kinyesi cha tembo, au kumwagiwa mkojo wa mama. Na waliambiwa pia jambo lililowagharimu watoto wengi zaidi ya moshi wowote, kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa, kwa hiyo apelekwe kwanza kwa mganga, hospitali baadaye.

Wapo wanaosikia hayo wakacheka. Mimi sicheki, kwa sababu ukiwasikiliza vizuri hawa wazee utakuta macho yao yaliona sawa. Degedege la homa, mara nyingi, hukoma lenyewe ndani ya dakika chache. Ukimfukiza mtoto dakika ya tatu na mtukutiko ukakoma dakika ya nne, nani atakushawishi kwamba moshi haukufanya kazi? Na yule aliyezungushwa siku mbili kwa waganga, akaletwa wodini damu imekwisha na sukari imeshuka, akachomwa sindano, akafa saa ile ile, mamake aliona nini? Aliona sindano, kisha aliona kifo. Alichokikosa ni ile hesabu ya siku mbili za nyuma. Ukitaka kubishana na bibi, anza hapo, kwa heshima. Ukianza na dharau atamficha mjukuu.

Na tukizungumzia sindano, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010 uliwahusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, Muheza mkoani Tanga ikiwa miongoni mwa vituo vyake. Waliotibiwa kwa sindano ya kwinini walifariki karibu 11 katika kila 100. Waliotibiwa kwa sindano ya artesuneti, wanane na nusu. Tangu hapo artesuneti ndiyo dawa ya kwanza ya malaria kali. Sindano iliyoogopwa ndiyo inayomrudisha mtoto nyumbani.

Sasa degedege likitokea mbele yako ufanye nini? Kwanza, tazama saa. Najua ni kazi ngumu, lakini dakika mbili za degedege mzazi huziona kama nusu saa, na daktari atakuuliza lilichukua muda gani. Mlaze mtoto chini, mahali pasipo na jiko wala ncha ya kitanda, ubavu wake chini ili mate na matapishi yatoke nje. Legeza nguo shingoni. Usimtie kijiko mdomoni, wala kidole, wala kitambaa. Ulimi haumezwi, lakini meno huvunjika na njia ya hewa huziba. Usimnyweshe chochote, hata hiyo dawa ya homa. Usimtumbukize kwenye maji baridi. Usimkandamize ili atulie. Likipita dakika tano bila kukoma, mbebe hivyo hivyo, ubavu, na muondoke. Likikoma, muondoke vilevile. Akishazinduka na kuweza kumeza, mnyonyeshe njiani, au mpe maji ya sukari kidogo kidogo, vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye kikombe cha mililita 200, kwa sababu malaria kali hula sukari ya mwili.

Daktari mmoja wa Ulaya angekwambia usiwe na wasiwasi sana, na kwa watoto wa kwake asingekosea. Degedege la homa tupu huwapata watoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano, kwa kawaida haliachi kilema cha ubongo, na wengi hukua wakaliacha. Lakini hapa kwetu, nyuma ya mtukutiko ule ule, panaweza kuwa na malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo, na hakuna mama, wala mganga, wala mtangazaji wa redio anayeweza kuzitofautisha akiwa sebuleni. Kwa hiyo huku kila degedege ni safari. Na mtoto anayetukutika mara kwa mara bila homa yoyote, huyo apelekwe achunguzwe kifafa, maana kifafa kina dawa.

Tuje kwenye pumzi. Nimonia ni muuaji asiye na kelele. Degedege linaita kijiji kizima. Nimonia inamkuta mtoto amebebwa mgongoni, mama anauza nyanya, na mtu anayeiona ni yule tu anayejua pa kutazama. Pa kutazama ni kifua. Mvue nguo ya juu akiwa ametulia, asiwe analia wala ananyonya. Chukua simu, ile ile ya kutuma fedha, ina saa ndani yake. Hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha mara mbili, kwa sababu pumzi za watoto hazina mpangilio. Mtoto chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni haraka mno. Kuanzia miezi miwili mpaka kutimiza mwaka, 50. Kuanzia mwaka hadi miaka mitano, 40. Mtoto anayekohoa na kufikia namba hizo apelekwe leo hii. Zahanati huwa na amoksilini ya vidonge vinavyoyeyuka kwenye maji, dawa ya bei ndogo, mradi imalizwe kama ilivyoandikwa na isigawanywe kwa kakake anayepiga chafya.

Kuna jambo moja kubwa kuliko namba hizo. Mtoto anapovuta hewa, tazama pale mbavu zinapoishia, juu ya tumbo. Pakibonyea kuingia ndani kila anapovuta, anatumia nguvu zake zote kupata hewa. Ukiona na pua zinatanuka, au anaguna kila pumzi, au midomo imegeuka rangi ya bluu, hapo hakuna kuhesabu tena. Ni bodaboda.

Na wakati tuko kwenye kikohozi: acheni kimeo cha mtoto. Kila mwaka kuna watoto wanaokatwa kimeo kwa wembe kwa sababu wamekohoa muda mrefu au wanatapika, wakavuja damu, wakapata maambukizi, na kikohozi kikabaki pale pale kwa sababu hakikutoka kwenye kimeo. Nyumba ya kimeo ina jirani yake, meno ya plastiki. Mtoto anaharisha, mtu anampasua fizi na kung'oa vijino ambavyo bado vinakua, anawaonyesha wazazi kitu cheupe na kupokea fedha. Kile cheupe ni jino la mtoto wako. Hapa sina heshima niliyokuwa nayo kwa bibi wa Bagamoyo; huyu wa wembe anajua analolifanya.

Mtoto anayeharisha anahitaji maji na chumvi kuliko kitu kingine. Mwaka 1971, wakati wa vita ya Bangladesh, wakimbizi walifurika Bangaon, upande wa India, kipindupindu kikawafuata, na dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaagiza sukari na chumvi zichanganywe kwa vipimo, wagonjwa wakanyweshwa na ndugu zao wenyewe kwa vikombe, na vifo kambini vikashuka chini ya asilimia 4. Pakiti ya ORS uliyoiacha juu ya kabati inatokana na kazi ya namna hiyo. Soma kwanza inataka maji kiasi gani. Ya lita moja iingie kwenye lita moja, yaani chupa mbili za nusu lita. Ukiipunguzia maji ili iwe kali unamdhuru. Chini ya miaka miwili, robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha. Mkubwa zaidi, nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, pumzika dakika kumi, uanze tena kijiko kimoja kimoja. Kunyonya kuendelee, kula kuendelee. Dai na vidonge vya zinki, siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Macho yakidumbukia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya ikachelewa kurudi, damu ikionekana kwenye choo, au akawa hawezi tena kunywa, ORS ya nyumbani haitoshi.

Wazazi wenye watoto wa selimundu, hili ni lenu: kwenu homa yoyote ni dharura, bila mjadala. Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 kwa mwaka wenye ugonjwa huo, na wengi nyumbani kwao hakuna anayejua. Mtoto wa miezi sita au zaidi akivimba vidole vya mikono na miguu kwa maumivu, na macho yake yana umanjano, ombeni apimwe damu kwa ajili ya selimundu.

Ajali nitazipitia haraka, maana ajali haina homa na haina muda wa mazungumzo. Akiungua kwa uji au chai, maji safi ya kawaida yatiririke juu ya jeraha dakika 20. Si dawa ya meno, si yai, si unga, si samli. Akinywa mafuta ya taa, usimtapishe na usimpe maziwa ili atapike: mafuta yakipanda juu huingia mapafuni, na mapafuni ndiko yanakoua. Nayo yasiwekwe tena kwenye chupa ya soda, tafadhali. Akipaliwa na karanga au sarafu, kama bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa na kulia, aliye chini ya mwaka mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini ya kiwiliwili, umpige mara tano katikati ya mgongo kwa kiganja. Kikigoma, mgeuze umbonyeze kifua katikati mara tano, urudie. Usizamishe kidole kooni kutafuta usichokiona.

Nimebakiza jambo moja, na si la kitabibu. Mara nyingi mtu wa kwanza kuona dalili ni mama, na mtu wa kuamua safari ni mwingine. Mama ameona kifua kinabonyea saa nne usiku. Simu ya baba haipatikani. Shemeji anasema tungoje asubuhi. Mama mkwe anasema hata mumeo alikuwa hivyo hivyo utotoni. Nauli hakuna. Asubuhi inafika, na wakati mwingine inafika imechelewa. Sera ya Tanzania inasema mtoto wa chini ya miaka mitano atibiwe bila malipo kwenye vituo vya serikali; tunajua dawa wakati mwingine hukosekana, lakini uchunguzi na rufaa kwa kawaida hupatikana.

Kwa hiyo ombi langu la leo ni kwa akina baba, na kwa yeyote anayeshika fedha za nyumba. Kabla hujalala leo, tenga nauli ya bodaboda ya kufika zahanati na kurudi, iwekwe pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto, mahali ambapo mama anapafikia bila kuuliza. Andika nyuma ya kadi namba ya dereva mmoja anayeitika usiku. Halafu mwambie mama, mbele ya mama mkwe na mbele ya shemeji, kwamba akiona moja kati ya dalili zile nne, au kifua kikibonyea, asikutafute kwanza. Aondoke.